Nafasi Baada ya W

Janet Nekesa, mwanangu,

Mama yako amekupeleka ukanyolewe, kwa kuwa shule yenu mpya haitaki nywele, na mimi nimebaki nyumbani na sanduku lako la bati. Limechukua nusu ya meza. Nusu iliyobaki ndiyo ninayoandikia. Kinyozi wa nyuma ya soko ni mtu wa hadithi ndefu, kwa hiyo huenda nikamaliza kabla hamjarudi. Nikikusikia mlangoni nitaikunja karatasi hii na kujifanya nilikuwa natafuta kalamu.

Ya kufuli, sabuni, blanketi na kutoazimisha viatu, mama yako ameyasema, na kesho atayasema tena njia nzima. Mimi kazini wameninyima ruhusa ya kukupeleka. Sina maagizo. Nina jambo moja tu, nalo limeandikwa juu ya sanduku hili kwa rangi nyeupe.

Jana tulipokwenda kwa fundi wa rangi, alichovya brashi akakuuliza, "Tuandike nani, madam?"

"Janet Nekesa W."

"W nini? Nafasi iko kubwa hapa. Huko boarding masanduku yanafanana, ati."

"W tu. Inatosha."

Fundi akanigeukia. "Mzee, si hiyo W ni wewe?"

Nilicheka. Wewe hukucheka. Tukabeba sanduku, wewe mshikio huu na mimi ule, toka kwa fundi mpaka nyumbani.

Mayi, binti yangu, usifikiri sikuelewa. Krismasi tulipokuwa Kamukuywa nilikuwa nimekaa nje ya jikoni kwa bibi yako wakati Sharon, binamu yako wa Nairobi, alipokuambia useme majina yako yote. Ukasema Janet Nekesa Wanjara.

"Wanja-nini?" Sharon akapiga makofi. "Wanja-*ra*! Haki, hata jina ya babako huwezi! Sema 'lala'. Sema 'lori'."

"Rori."

Basi mpaka siku waliporudi kwao ukawa unaitwa Rori. Baadaye nikakusikia peke yako nyuma ya choo ukisema *la, la, la*, kama mtu anayepigwa sindano. Na juzi nikakusikia ukimwambia mama yako, "Kule nitanyamaza kwanza. Nisikilize vile wanaongea, ndio nianze."

Hilo neno "nitanyamaza" ndilo limenikalisha hapa. Watoto wengi hurithi shamba. Wewe sitaki urithi kunyamaza, na ninajua umekutoa wapi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoijua kuliko ukarani.

Nilianza darasa la tatu. Nilinyoosha mkono nikamwambia mwalimu nimepoteza karamu. Mwalimu akauliza karamu ya nani, harusi au matanga, na darasa zima likataka kujua kama kutakuwa na nyama. Toka siku ile nikaanza kuchagua maneno kama mtu anayechambua mawe kwenye maharagwe. Sikusema "kulala", nilisema "kupumzika". Sikusema "lori", nilisema "gari kubwa". Nikasoma sana, kwa maana karatasi haina ulimi, nikafika chuo nikasomea kompyuta, na walimu wakaandika kwamba mimi ni kijana mtulivu. Sikuwa mtulivu. Niliogopa.

Hata jina lako. Nekesa ulipewa na mavuno, hilo halikuwa na ubishi. Lakini la ubatizo bibi yako alitaka uitwe Lorna, jina la dada yake. Nilikataa mpaka tukakosana. Nilisema Janet ni jina zuri. Ukweli ni kwamba kanisani ni mimi niliyetakiwa kulitamka, na ndani ya Janet hakuna l wala r. Nilikusafishia jina lako lote, herufi kwa herufi, nikasahau kwamba nyuma yake litakuja langu.

Sasa nikusimulie habari ya ufunguo. Nimewahi kukusimulia kwa mzaha, nikaruka sehemu zinazoniuma. Ulikuwa bado nursery wakati huo.

Unajua kampuni niliyofanyia kazi kwanza hapa Kitale, ile ya mbegu na mbolea. Makao makuu yalikuwa hapa, na ghala kubwa lilikuwa Bungoma. Kwa kuwa magunia yaliwahi kutoroka usiku, kampuni ilimleta fundi kutoka Nairobi akatuandikia programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Ghala la Bungoma halikuweza kutoa hata mfuko mmoja bila kompyuta kuchapa risiti, na kompyuta haikuchapa risiti bila ufunguo mpya kila mwanzo wa msimu. Ufunguo ulitengenezwa hapa Kitale, nami ndiye niliyeutuma. Kwa kawaida ulikwenda ndani ya disketi, mfukoni mwa dereva.

Ufunguo wenyewe haukuwa neno. Ndani ya kompyuta kila kitu ni namba, na faili la maandishi linasomeka kwa sababu namba zake zinalingana na herufi. Ufunguo wetu ulikuwa namba ishirini na nne zilizookotwa ovyo, kila moja kati ya sifuri na mia mbili hamsini na tano. Namba ya aina hiyo huitwa baiti. Ukijaribu kuzisoma kama maandishi, skrini inakuonyesha uso unaocheka, moyo, nyumba nyeusi, na ghafla kompyuta inapiga kengele, kwa kuwa baiti yenye namba saba kazi yake ni hiyo tu.

Mwaka huo mvua iliwahi. Gari liliondoka na disketi, likafika Bungoma, na disketi ikawa imelowa haisomeki. Simu ya ofisi ilikuwa inafanya kazi, ingawa ilikuwa kama mtu anakaanga kitu ndani yake. Meneja akaniambia niusome ufunguo kwa simu.

Programu ilikuwa na njia ya kufanya hivyo. Iliweza kugeuza zile baiti ziwe herufi za kawaida, kila baiti tatu zikatoka herufi nne. Ilitumia herufi kubwa zote, ndogo zote, tarakimu na alama mbili, jumla sitini na nne. Ukipokea upande wa pili, unaziandika, nayo inazirudisha kuwa baiti. Mstari ulikuwa wa herufi thelathini na mbili tu, mfupi na mzuri, lakini hausemi kitu. Ukikosea herufi moja hakuna anayejua umekosea wapi. Na ukikosea mara tatu, ufunguo unakufa, unaanza na mwingine.

Aliyepokea simu Bungoma alikuwa mama mmoja karani wa ghala. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa sauti, na sote tulimwita Loda.

"Wanjara! Mulembe? Hapa watu ni wengi kama kanisani. Soma haraka."

Kwa ile kelele ya simu, b na d na p zilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo tuliweka neno kwa kila herufi. B ya baba. D ya dada. Nilipofika kwenye l, kama kawaida yangu, nikatafuta neno ambalo halitanicheka. Nikasema, "L ndogo, ya jina lako. L ya Loda."

"Ya Loda. Nimeshika."

Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Kompyuta ikakataa. Tukarudia. Ikakataa. Mara ya tatu ufunguo ukafa. Nikatengeneza mwingine, nao ukafa vilevile, na nyuma ya Loda nikawa nasikia watu wakinung'unika. Mzee mmoja akamnyang'anya simu.

"Kijana! Nimetoka Webuye na baiskeli. Hiyo kompyuta yenu inakura mahindi?"

"Hapana, mzee."

"Basi ya nini inakataa na mbegu? Mvua inanyesha hapa. Itangojea kompyuta?"

Meneja alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akachukua simu mkononi mwangu, nikamtengenezea ufunguo wa tatu, akausoma mwenyewe, kwa herufi za Kiingereza, bila maneno ya baba na dada, kwa sauti nzuri ya mtu anayesoma habari. Naye akakataliwa mara tatu, kwa maana b yake ilifika Bungoma ikiwa p. Hakujiuliza. Aliweka simu chini akaniangalia.

"Nyinyi na hizo ndimi zenu. Hata mtoto wa nursery anajua l na r. Usiguse hii simu tena. Kesho nitatafuta mtu anajua kuongea, akae kwa hiki kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa changu. Wewe na mama yako mlikuwa mnakula kutokana na kiti hicho.

Alipokwenda kupata chai, simu ikalia. Niliitazama. Ililia tena. Nikaishika.

"Wanjara, mbona huyo bwana anasoma kama ledio? Mimi nilikuwa nakusikia wewe vizuri. Rakini hii ufunguo yenu, bana. Imejaa mimi."

"Imejaa wewe vipi?"

"Si R kila mahari! R ya Rodah, R ya Rodah. Mpaka nikaona aibu."

Nikamuuliza, kwa upole, jina lake linaandikwaje.

"R, O, D, A, H. Kwani wewe ulikuwa unafikiria nini?"

Mwanangu, mwaka mzima nilikuwa namwita Loda, naye anaitika, na kila mtu kutoka Bungoma mpaka Kamukuywa anamwita Loda, naye anaitika. Kwenye kipaimara chake na kwenye karatasi za kampuni yeye ni Rodah. Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa.

"Woi! Kumbe mimi ndio nimefunga ghara!"

Ningeweza kumaliza jambo hapo. Ningechagua neno jingine, nikasoma ufunguo mpya, pengine ukafungua. Lakini nilianza kupitia kichwani maneno yote ya l na ya r ninayoyajua, nikaona sina hata moja ninaloweza kuapa juu yake. Na nilikuwa na hasira, ambayo kwangu ni kitu kigeni. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile, nimechambua maneno miaka yote ile, na bado mtu anasimama mlangoni akiusema ulimi wangu. Nikajiambia ulimi hautoki hapa. Zitoke hizo herufi.

Kuna njia nyingine ya kuandika baiti, ya zamani na rahisi kuliko ile. Unaigawa baiti mara mbili, na kila nusu unaipa alama moja. Alama ni tarakimu sifuri hadi tisa, halafu a, b, c, d, e, f. Zimeishia hapo, kumi na sita. Hakuna l. Hakuna r. Mstari unakuwa mrefu zaidi, herufi arobaini na nane badala ya thelathini na mbili, lakini kila moja naweza kuisema mbele ya askofu. A ya Anna, B ya baba, C ya chai, D ya dada. E ya Elgon, na hata ukisema Ergon bado ni E. F ya farasi. Sema falasi, ni F tu.

Programu ya kugeuza ufunguo mpya kuwa herufi hizo niliiandika meneja akiwa kwenye chai. Ilikuwa mistari michache, na nilikosea papo hapo. Lugha ya C ina desturi kwamba mstari wa herufi unaishia pale penye baiti ya sifuri. Nami kwa haraka nikatumia amri ya kupima mstari wa herufi juu ya kitu ambacho si mstari wa herufi. Katikati ya ufunguo kulikuwa na baiti ya sifuri, ya haki kabisa, imekaa mahali pake. Programu ikafika hapo, ikadhani habari imekwisha, ikasimama. Ilibidi niiambie mimi mwenyewe: ziko ishirini na nne, hesabu zote, ukikuta sifuri ipite.

Kazi ngumu ilikuwa Bungoma. Kule hawakuwa na programu ya kurudisha herufi hizo kuwa baiti, na sikuwa na jinsi ya kuituma ila kwa mdomo. Yule fundi wa Nairobi alikuwa ameacha C kwenye kompyuta zote mbili. Kwa hiyo nikamwambia Rodah afungue ukurasa mtupu, nikaanza kumsomea programu nzima, na programu za C, mayi, zimejaa l na r kama mchele na mchanga.

Nikasema "chal". Akaandika *chal*. Kompyuta ikakataa, ikamwonyesha mstari wenyewe.

"Inasema haijui huyu chal ni nani."

"Jaribu na r mwisho."

"Ah. Sasa inamjua."

Tukasema "whire" badala ya "while", tukasema "plintf" badala ya "printf" na "fcrose" badala ya "fclose", na kila tulipokosea kompyuta ilituambia pale, hapo, angalia tena, nasi tukarekebisha. Katikati ya kazi nikaacha kuogopa bila kujua. Nilikuwa nasema l na r kwa simu, kwa sauti, moja baada ya nyingine, na hakuna lililoharibika. Nilijiuliza kwa nini programu inapita na ufunguo haukupita, wakati midomo ni ileile.

Jibu nililipata hapohapo, na ndilo ninalotaka uende nalo. Ufunguo hauna maana. Ukibadilisha herufi moja, hakuna kinachokuambia. Lakini neno lenye maana lina ndugu zake kulia na kushoto, na ndugu hao wanalishika lisianguke. Mtoto akisema "mwalimu, nimepoteza karamu, sina ya kuandikia", nani duniani hajui amepoteza nini? Mwalimu wangu alijua. Darasa zima lilijua. Ndiyo maana walicheka. Mtu hawezi kucheka karamu kabla hajaelewa kalamu.

Sharon alipopiga makofi alikuwa ameshajua wewe ni binti wa Wanjala. Angekuwa hajaelewa, angeuliza. Ujumbe wako ulifika mzima, akaupokea, halafu akacheka. Kosa liko wapi?

Ngoja nimalize. Rodah aliandika programu ikakubali. Nikamsomea ufunguo, herufi arobaini na nane, Anna na baba na chai na dada na Elgon na falasi. Akanisomea zote kurudi, sahihi. Akajaribu. Ikakataa.

Wakati huo meneja alikuwa amerudi na kikombe chake, amesimama palepale mlangoni. Sasa sikiliza aibu yangu, kwa kuwa hii ndiyo sehemu ninayoiruka kila mara. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba ulimi wangu umeharibu tena. Herufi zilikuwa kumi na sita, l hazina, r hazina, nimerudishiwa zote sahihi, na bado nilikuwa tayari kuungama. Nilifungua mdomo nimwombe meneja msamaha. Ndivyo inavyokuwa ukiambiwa jambo tangu darasa la tatu. Hata likiwa halipo chumbani, unalitafutia kiti.

Rodah ndiye aliyeniokoa, kwa kuuliza tu. "Wanjara, faili yangu inasema ishirini na tano. Si ulisema ishirini na nne?"

Baiti moja imezidi. Imetoka wapi? Nikaangalia mstari wangu, na humo nikaona *0a*, yaani baiti yenye namba kumi. Nikajua. Katika C, ukifungua faili la kuandikia unaweka w. Kama hutaki kompyuta iguse chochote unachoandika, unaongeza b baada ya w. Nilikuwa nimesahau b. Bila hiyo, kompyuta zile zikiona namba kumi hudhani ni mwisho wa mstari wa maandishi, zikaongeza baiti nyingine kabla yake, kwa wema wao, bila kuulizwa.

Kwa hiyo ulimi haukuwa na hatia. Mkono ndio ulikosea, mkono wangu uliosoma, na herufi yenyewe ilikuwa b, ambayo nimeisema vizuri tangu kuzaliwa.

"Loda, palipo na w, ongeza b ya baba. Kwenye alama zilezile za kunukuu."

"Nimeongeza. Ishirini na nne. Nijaribu? Imebaki mara mbili."

"Jaribu."

Nikasikia mashine ya kuchapa ikianza kukereza. Halafu Rodah akapiga yowe kama la harusi, na yule mzee wa Webuye, sijui kama ni yeye, akasema kwa nyuma, "Imetapika! Imetapika mbegu!"

Meneja akanywa chai yake. Si mtu mbaya, na sitaki umwone hivyo. Alikuwa na mabosi wake. Akasema, "Haya. Vizuri. Lakini jifunze kuongea."

Nikasema, "Bwana meneja, nimeongea toka asubuhi. Na grara limefunguka."

Ndiyo, nilisema *grara*, sijui hata hiyo g na r vilikutanaje. Akatabasamu kidogo akaenda zake. Sikupandishwa cheo. Wala hakuja mtu mwingine kukaa kwenye kiti changu.

Ungedhani baada ya hapo nikawa simba. Hapana. Kwa miaka kadhaa nilijivunia zile herufi kumi na sita, nikasimulia jinsi nilivyopata njia isiyo na l wala r, na nilisahau kabisa ile saa ya "chal" na "plintf", saa niliyoongea na kila kitu kikapita. Nilijifunza somo la kukwepa nikaliacha la pili. Jana mbele ya fundi nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, nikacheka.

Kwa hiyo nasema leo. Sitaki unyamaze kule. Sikuombi, nakukataza. Usingoje ujue wanavyoongea ndio uanze. Wao hawakungoja wewe. Wakikuita Rori, waulize hilo rori limebeba nini, kisha uendelee na ulichokuwa unasema. Kuna watakaotoka pande nyingine wakiwa na mambo yao midomoni, na utayasikia, na ninajua utaelewa kila neno. Usiwapigie makofi.

Tena usifikiri nakuambia l haina maana. Angalia jina langu likigeuzwa kwa zile alama kumi na sita: 57 61 6e 6a 61 6c 61. Hiyo 6c ndiyo l. Nilidhani nimeikimbia, kumbe iko ndani, imekaa kati ya a mbili kama ilivyoandikwa siku niliyopewa jina. Kugeuza hakukuifuta. Kuliipitisha tu mlangoni.

Nasikia sauti ya mama yako chini, anabishana na jirani juu ya kichwa chako kipya.

Leo saa saba, badala ya kula, nilirudi kwa yule fundi. Alinicheka: "Mzee, ile W imekusumbua?" Akanipa rangi kidogo kwenye kopo la majani ya chai, na brashi yake ndogo. Viko chini ya meza. Sijaandika chochote. Nimepima kwa kidole nafasi iliyo baada ya W, na herufi sita zinaenea bila kubanana. Ukiandika jioni hii, asubuhi itakuwa imekauka.

Usipoandika, sanduku ni lako na mimi bado ni baba yako. Lakini siku watakapokusimamisha mbele ya darasa wakuulize majina yote, usikate kwenye W kama ile programu yangu iliyokuta sifuri ikadhani habari imekwisha. Malizia. Sema Wanjala. Ikitoka Wanjara, itoke kwa sauti, wasikie hadi viti vya nyuma.

Mimi nitakuwa Kitale, kwenye kiti changu. Nitaitika.

Baba yako,
Wanjala